Washa Nane Mpya

Juzi gari la maji lilisimama nje ya nyumba yetu hapa Mirdif, Dubai, likaondoka na kuacha mchirizi mweusi wa dizeli kutoka lango la jirani mpaka kwenye kona. Dereva wa jirani aliumwagia mchanga, akafagia, akamwaga tena, lakini harufu haikuondoka, na jua lilipopanda ikaingia mpaka jikoni kwangu. Binti yangu akaziba pua. Mimi nikazima jiko, nikavuta kiti, nikakaa. Najua wenzangu wa rika langu, tuliolelewa huku na wazazi waliokuja na sanduku moja la bati, wakiinusa dizeli hukumbuka safari na vicheko. Mimi hukumbuka jambo moja tu, nalo sijapata kulisimulia ila kwa watu wawili. Baba hajatimiza mwaka kaburini. Naona nisipolisema sasa nitalizoea, na kulizoea kutakuwa dhambi nyingine juu ya zile za mwanzo.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Naif, ghorofa ya tatu, vyumba viwili: Baba, Mama, Bibi mzaa baba, mimi na mdogo wangu ambaye alikuwa bado ananyonya. Baba alizaliwa Unguja, akaja Dubai akiwa kijana. Kazi yake ilikuwa kukusanya bidhaa za wafanyabiashara waliokuja kununua kutoka Dar, Mombasa na Kampala, marobota ya vitambaa, viatu, sufuria, na kuzipeleka kwa watu wa kusafirisha mizigo. Aliifanya kazi hiyo kwa pikapu kuukuu ya dizeli, ya milango minne, rangi ya maziwa yaliyoungua. Injini yake ilinguruma hata Bibi akiwa juu aliisikia ikiingia mtaani, akabandika chai. Chai ikichemka, Baba yuko mlangoni.

Msimu ule gari likaanza kuvuja. Kwanza lilikuwa doa dogo kwenye mchanga wa uwanja uliokuwa nyuma ya jengo letu. Baba akatandika kipande cha boksi chini ya injini, na kila asubuhi boksi lilikuwa limelowa, limelainika kama mkate kwenye chai. Ngazi nzima ikanuka dizeli. Kanzu za Baba zikanuka. Mama akazifua mbalimbali na nguo za mtoto, na bado mtoto alinuka.

"Limezeeka hili," Baba alimwambia Mama huku anacheka. "Limeanza kujikojolea."

Mimi nilikuwa na miaka minane au tisa, na maneno yale niliyachukua kama yalivyo. Katika jengo letu alikuwapo bibi mmoja wa Kipemba aliyeanza hivyo hivyo, kisha akasahau majina ya wanawe, kisha akafa. Kwa hiyo nilijua mwisho wa jambo lile. Kila asubuhi kabla ya basi la shule kufika nilipita uwanjani, nikaweka kiganja kwenye boneti na kusema, "Pole. Umeamkaje leo?" kama nilivyofundishwa kumwamkia mgonjwa. Nasimulia hili ili ijulikane kwamba gari lile nililipenda. Sikulifanyia ubaya kwa chuki.

Kisha simu ikaja kutoka Maskati. Mdogo wake Bibi, ndugu pekee aliyebaki katika tumbo lao, alikuwa hospitali na hali si nzuri. Walikuwa hawajaonana tangu kabla mimi sijazaliwa. Bibi hakuweza kupanda ndege, daktari alikuwa amemkataza kwa ajili ya kifua chake. Ikabidi tumpeleke kwa gari, kupitia barabara ya Hatta, na gari lenyewe ndilo lile.

"Usihangaike, Mama," Baba alimwambia Bibi. "Kesho Ijumaa. Twaha atakuja kula, atalitazama."

Ami Twaha hakuwa ndugu yetu wa damu. Alikuwa mtu wa Mombasa, fundi wa magari ya dizeli katika gereji moja ya Al Qusais. Yeye na Baba walijuana tangu ujana wao, walipokuwa wanalala wanaume wanane katika chumba kimoja cha Naif, wakipeana zamu ya kitanda. Kila Ijumaa baada ya sala alikula kwetu. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya upole, na kucha zake zilikuwa na ukingo mweusi usiotoka hata siku ya Idi. Mimi aliniita Fundi. Alinifundisha spana kwa namba zake, na akiwa amelala chini ya gari alinyoosha mkono tu akasema, "Fundi, kumi na saba," nami nikamtilia kumi na saba kiganjani. Hakuna aliyenifanya nijione mtu mzima kama yeye.

Ijumaa ile, baada ya wali, tulishuka uwanjani sote watatu. Ilikuwa majira ya baridi, jua zuri lisiloumiza. Ami Twaha alifuta injini nzima kwa kitambaa mpaka ikakauka, kisha akanituma kwa Mama nikalete poda ya mtoto. Nilidhani anatania. Akainyunyiza kwenye mabomba yote ya dizeli, injini ikawa nyeupe kama imepakwa unga, akamwambia Baba awashe.

"Sasa tazama, Fundi," alisema. "Mvujo haujui kujificha. Utapita kwenye poda kama konokono."

Na kweli, tukauona. Ilichomoza michirizi myembamba ya kijivu pale mabomba yanapoungana na chujio na pampu. Akazima, akafungua bolti moja baada ya nyingine, na kutoka katika kila kiungo akatoa vipete viwili vya shaba nyekundu, vyeusi kwa uchafu, vimebonyea. Ndizo hizo washa. Zote zilikuwa nane. Alizitia pamoja na bolti ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye dizeli, akazisukasuka zitakate, kisha akatoa mfukoni kikaratasi na kumimina washa nane mpya juu ya kitambaa cheupe alichokitandaza kwenye boksi.

Sijui nizieleze vipi. Ziling'aa. Zilikuwa nyekundu nyekundu kama bangili za zamani za Bibi, duara safi, nyembamba, na mwanga wa jua ulizizunguka ndani. Wasichana wote niliosoma nao walikuwa na pete ya dhahabu, hata kama ndogo. Mimi Mama aliniambia nitavaa nikikua. Nikachukua moja, nikaijaribu kidole cha kati. Ikaingia kama imepimwa. Nikaivua haraka, nikairudisha.

Adhana ya alasiri ikatoka msikiti wa nyuma. Ami Twaha akanawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, akaishusha mikono ya shati.

"Fundi, nakuachia wewe," alisema. "Asiguse mtu. Na paka wa mtaa huu ni wezi."

Wakaondoka, yeye na Baba, wanazungumza. Nikakaa juu ya boksi jingine. Kwa muda nililinda kwa dhati, hata nilimtupia paka kijiwe. Kisha nikachukua ile washa na kuivaa tena, na safari hii sikuivua. Zikabaki saba. Nikalitazama kopo. Washa za zamani zilikuwa zimetakata kwenye dizeli, zimeanza kuonyesha wekundu wao. Nikatia vidole, nikatoa iliyokuwa nzuri kuliko zote, yenye mkwaruzo mdogo tu ukingoni, nikaisugua kwa pindo la gauni mpaka ikang'aa, nikaiweka kwenye kitambaa mahali pa ile niliyoichukua. Nikahesabu. Nane. Pete yangu nikaifunga kwenye uzi niliouchomoa kwenye gauni na kuivaa shingoni, ndani ya nguo.

Nataka niseme ukweli wa moyo wangu wa siku ile: sikujiona mwizi. Zilikuwa nane, na nane zilikuwapo. Nimetoa moja, nimerudisha moja. Nilijiona hata muungwana.

Waliporudi, Ami Twaha aliinama juu ya kitambaa. "Zote zipo?"

"Zote nane."

Akacheka, akanigusa kichwa kwa kiwiko ili asinichafue. Akatia mkono kwenye kopo, akatoa bolti zake, akaanza kufunga. Alikuwa na haraka kidogo, jua lilikuwa linashuka nyuma ya majengo. Alipomaliza alibonyeza pampu ya mkono, akatoa upepo kwenye mabomba, Baba akawasha. Akanyunyiza poda tena. Tukangoja. Poda ikabaki nyeupe, kavu. Akapiga boneti kwa kiganja.

"Nassor, hili sasa litafika mpaka Salala," alimwambia Baba.

Tuliondoka Jumamosi baada ya sala ya alfajiri. Bibi alikaa mbele na mkoba mapajani. Ndani yake mlikuwa na kanga mbili na chupa ya mafuta ya karafuu ya kumkanda mdogo wake miguu. Alikuwa ametia wanja. Sijapata kumwona Bibi ametia wanja kabla ya siku ile wala baada yake. Njia nzima alimsimulia Baba jinsi yeye na ndugu yake walivyokuwa wanalala mto mmoja, vichwa viwili, na jinsi mdogo wake alivyokuwa anaogopa radi.

Milima ya Hatta ilipoanza, gari likaanza kukohoa. Lilisita, likavuta, likasita, kisha kwenye mwinuko likazimika kabisa, na ukimya ukaingia pamoja na ile harufu, kali kuliko siku zote. Baba akafungua boneti. Kiungo kimoja kilikuwa kinatona. Akabonyeza pampu, akawasha, tukaenda mwendo wa kama kilomita moja, likafa. Akabonyeza tena. Likafa tena. Baadaye nilielewa kwamba injini ya dizeli ikivuta hewa badala ya mafuta haina ujanja, na pale dizeli inapotokea ndipo hewa inapoingilia. Siku ile nilichokiona ni Baba, kanzu imelowa dizeli mpaka kwenye viwiko, anasema peke yake, "Mbona tumelitengeneza? Mbona tumelitengeneza?"

Simu yake haikushika mawimbi kati ya milima. Magari yalipita kasi. Bibi hakushuka. Alikaa na tasbihi yake, anatazama mbele kama gari linakwenda. Jua likapanda, Mama akamkinga mdogo wangu jua kwa kanga. Ilikaribia adhuhuri ndipo dereva mmoja wa lori aliposimama, akaenda, na baada ya muda mrefu akaturudishia fundi kutoka Hatta, Mpathani mwenye ndevu zilizopakwa hina. Fundi yule hakuuliza mengi. Alifungua kiungo kile, akatoa washa mbili, akaziweka kiganjani na kumwonyesha Baba.

"Hadha jadid," alisema, akigusa moja. Hii mpya. Kisha akagusa ya pili, akaigeuza kwa kucha. "Hadha gadim, arbab. Ya kale, tajiri. Imekwisha kazi." Akatikisa kichwa. "Nani fundi wako?"

Baba akaichukua ile ya kale, akaitia mfukoni. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya kiwiko chake, na niliuona mkwaruzo ukingoni. Nikaelewa yote kwa mara moja, kama mtu anavyoelewa kwamba amejikata kabla damu haijatoka. Nikasema nataka kujisaidia. Nikaenda nyuma ya miamba, nikakata uzi kwa meno, nikaitupa ile pete kwa nguvu zangu zote, na nikaomba Mungu isilie inapoanguka.

Fundi akatia washa nyingine, tukafika Maskati jua linazama. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi na viatu vilijaa nje, na Bibi alipoviona viatu alisimama. Mdogo wake alikata roho saa sita mchana. Walimzika baada ya alasiri, kama dini inavyotaka. Mwanamke mmoja, nadhani alidhani anatufariji, alisema marehemu alikuwa na fahamu zake mpaka saa tano, na kila mlango ukigongwa aliuliza, "Ni dada huyo?"

Bibi hakulia mbele yetu. Aliomba aonyeshwe kitanda. Shuka zilikuwa zimekwisha kuondolewa. Alikaa kwenye godoro tupu, akaufungua mkoba, akaitazama ile chupa ya mafuta, akaufunga.

Tulirudi Naif baada ya siku nne. Jioni ile ile Baba alimwita Ami Twaha. Alikuja na mfuko wa machungwa, amekwisha kusikia habari, akampa Bibi mkono wa pole mlangoni mwa chumba chake, akarudi kukaa sebuleni. Mimi nilikuwa kwenye mkeka na daftari la shule. Baba hakumkaribisha chai. Alitoa washa mfukoni mwa kanzu, akaiweka juu ya meza.

"Nini hii, Twaha?"

Ami Twaha akaiokota, akaisogeza kwenye mwanga. "Washa. Ya zamani."

"Imetoka kwenye pampu. Fundi wa Hatta ameitoa mbele ya macho yangu."

"Haiwezekani, Nassor. Mimi nimetia mpya. Nane. Nimezinunua kwa mkono wangu."

"Basi hii imejitia yenyewe?"

"Sijui. Wallahi sijui." Akanigeukia, na uso wake ukafunguka, nauona mpaka leo, uso wa mtu aliyepata shahidi. "Muulize mtoto. Fundi alikuwako mwanzo mpaka mwisho. Haya, mwanangu, sema. Mimi si nilitia zile za kwenye kitambaa?"

Baba naye akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Bibi alikuwa anakohoa nyuma ya ukuta. Nikiwa mtu mzima nimelirudia swali lile mara nyingi, na kila mara najibu sawasawa. Siku ile nilisema hivi:

"Nilimwona anatia mkono kwenye kopo."

Kila neno lilikuwa kweli. Alitia mkono kwenye kopo, akatoa bolti zake. Lakini sikusema bolti. Nilinyamaza pale, na kimya changu kikamalizia.

Ami Twaha hakukasirika. Laiti angekasirika. Alinitazama, kisha akaitazama mikono yake, akaigeuza mbele na nyuma kama vitu alivyoazima. "Kwenye kopo," alisema polepole. "Yawezekana... Nilikuwa na haraka."

"Haraka," Baba akasema. "Mama yangu amekosa kumfumba macho ndugu yake kwa haraka yako. Ungefanya hivi gari la arbab wako? La, la Nassor ni la bure, tutie chochote."

"Nassor, usiseme hivyo."

"Khalas. Sina la zaidi."

Aliondoka. Machungwa yalibaki juu ya meza, na hakuna aliyeyala mpaka Mama alipoyatupa.

Ijumaa iliyofuata Mama alipakua sahani ya Ami Twaha kwa mazoea, akairudisha jikoni. Nilidhani, kama watoto wanavyodhani, kwamba ugomvi wa watu wazima una tarehe ya kwisha, kama likizo. Nilingoja. Tukasikia ameacha gereji na amekuwa dereva wa familia moja. Baadaye Baba aliiuza ile pikapu kwa mtu wa Sharja. Bibi akafariki. Sisi tukahama. Nilipata nafasi za kusema, na nyingine zilikuwa rahisi kabisa. Siku moja, mimi nikiwa mama wa watoto wawili, Baba alikuwa anakunywa chai kwangu na akasema bila sababu, "Twaha alikuwa fundi. Sijaona mwingine. Sijui siku ile alipatwa na nini." Mdomo wangu ulifunguka. Kisha nikamuuliza kama anataka sukari zaidi.

Baba alipofariki, siku ya tatu ya matanga niliitwa mlangoni. Alisimama mzee mwenye ndevu nyeupe, kofia mkononi. Nilimtambua kwa sauti.

"Mwanangu, pole sana," Ami Twaha alisema. "Kila Ramadhani nilisema mwaka huu nitakwenda kumwomba radhi. Nikaona haya. Sasa amenitangulia. Niambie ukweli. Baba yako alinisamehe?"

"Alikusamehe, Ami," nikasema.

Machozi yakamtoka, akanishukuru. Nikamsamehe kwa jina la maiti mtu ambaye hakukosa kitu. Usiku wowote wa maisha yangu haujapata kuwa mrefu kama dakika ile mlangoni.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwake Al Rigga, kwenye nyumba ya mwanawe, ambako yeye na mkewe, Bi Mwanaisha, walikuwa wanafunga masanduku. Kibali chake cha ukaazi kilikuwa kinakwisha na mwezi uliofuata walikuwa wanarudi Mombasa moja kwa moja. Alinikaribisha kwa furaha. Kabla sijafungua kinywa alianza mwenyewe kunieleza, kama mtu anayedaiwa maelezo.

"Baada ya yale, mkono wangu sikuuamini tena," alisema. "Nikifunga bolti, naifungua nihakikishe. Nafunga, nafungua. Gari la saa moja nalishika siku nzima. Msimamizi akachoka nami. Nikasema basi, bora niendeshe, nisifungue kitu cha mtu. Na sijashika spana tangu hapo. Hata bomba la jikoni hapa twaita mtu."

"Ami," nikasema, "wewe ulitia washa nane kutoka kwenye kitambaa. Mimi ndiye niliyebadilisha moja, ulipokwenda kusali. Niliitaka iwe pete."

Nikamweleza kila kitu, uzi, mkwaruzo, miamba, na lile neno la kopo. Nilipomaliza, mashine ya kupozea hewa ilikuwa inasikika kama injini.

"Una hakika?" aliuliza.

"Nina hakika."

"Si kwamba wanionea huruma kwa vile naondoka?"

"La, Ami."

Akasimama kwa shida, akaita, "Mwanaisha! Acha hayo masanduku, njoo." Bi Mwanaisha akaja, mikono ina vumbi. "Mwambie," akaniambia, hanitazami. "Mwambie kama ulivyoniambia. Tangu mwanzo, usiruke."

Nikasema tena, tangu mwanzo. Bi Mwanaisha alisikiliza akiwa amesimama. Hakunitukana. Aliuliza swali moja tu.

"Na baba yako amekufa hajui?"

"Hajui."

Akarudi chumbani, akafunga mlango taratibu.

Ami Twaha akauliza kaburi liko wapi. Asubuhi iliyofuata nilimpeleka kwenye makaburi ya Al Qusais. Mimi nilibaki ndani ya gari, nikateremsha kioo. Nilimwona anatembea kati ya vichwa vya makaburi, anahesabu safu kama nilivyomwelekeza, akasimama. Aliomba dua kwanza, mikono imeinuliwa. Kisha akaishusha, akaanza kuzungumza. Alizungumza kwa muda mrefu. Mara mbili alicheka, au alilia, kwa mbali sikuweza kutofautisha. Nilisikia upepo tu na ndege zinazoshuka uwanjani.

Aliporudi alikaa kiti cha mbele, akafunga mkanda. Nikangoja aseme neno. Tulifika mpaka Al Rigga hajasema. Niliposimamisha gari mbele ya jengo lao, nilimwambia nisamehe, Ami. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo. Siku iliyotangulia nilikuwa nimesimulia tu, sikuomba.

Alikuwa amekwisha kushuka. Akauegemea mlango kwa mkono mmoja, akafikiri.

"Na Nassor nimemaliza," alisema. "Tumemalizana, mimi na yeye. Wewe nipe muda, mwanangu."

Akaufunga mlango, akapanda ngazi za jengo, mzee wa miaka sabini na zaidi, akishika ukuta. Mwezi uliofuata wakaondoka. Namba yake ya Mombasa ninayo. Siipigi. Ameniomba muda, na katika vyote nilivyomchukulia, hicho ndicho pekee ninachoweza kumpa.